Miti ya Nzanzu na Jua la Asubuhi

Mwanzoni mwa mwaka 2002 Kavuo alivuna alizeti yake, akaipiga kwa fimbo, akaipepeta, akajaza magunia mawili mpaka shingoni. Majirani wa mtaa wake, pembezoni mwa Butembo, walipita wakampa hongera, maana magunia mawili kutoka kishamba kile cha mteremkoni si mchezo. Aliwajibu "wasingya", ndiyo asante ya Kinande, kwa sauti ileile ambayo angemjibu mtu aliyekuja kumwambia kwamba paa lake linaungua.

Msimhukumu. Hakuwa na kiburi mwanamke yule. Miezi kumi nyuma mume wake, Nzanzu, aliyekuwa moniteur wa kilimo, mwalimu wa wakulima, alipanda lori la Bilali kwenda kugawa mbegu Kanyabayonga. Siku hiyo watu wa bunduki walikutana sokoni na watu wengine wa bunduki, kila mwenye miguu akaitumia, na Bilali, aliyengoja mpaka risasi zikaanza kutoboa lori, akarudi na kiti kitupu. Nzanzu hakuonekana tena, mzima wala maiti. Tangu hapo kitu ndani ya Kavuo kilizimika. Hakulia, wala hakugombana na Mungu. Alipika, akafua, akalima, akawachana watoto nywele. Chakula chake kilikosa chumvi wiki nzima na hakujua mpaka watoto walipolalamika. Huzuni ingekuwa afadhali, maana mwenye huzuni ana kitu cha kushika.

Nyumba ilikuwa na watu wanne: yeye, binti yake Ornella wa miaka saba, Luc, mdogo wake Ornella, na mama mkwe, Emérence, mama yake Nzanzu. Shamba lao la maana lilikuwa Masereka, lakini njia ya Masereka siku hizo ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na silaha. Kilichobaki ni kishamba nyuma ya nyumba. Kando yake ilisimama mikaratusi tisa, mingi upande wa juu, mashariki, michache chini, mtaroni. Nzanzu aliipanda mwaka aliooa, wakati kishamba kile kilikuwa cha magimbi, na magimbi hayagombani na kivuli. Sasa ilikuwa mirefu kupita kanisa.

Kwa watu wale mti si mti tu. Aliyepanda ndiye mwenye mahali, na aliyepanda ndiye anayekata. Akifa, watu wanakaa matanga, wanalia, na matanga yakiisha ndipo warithi wanaingia na shoka. Kukata mti wa mtu kabla ya hapo ni kumzika kwa mikono yako. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakumjua Emérence. Nyumbani kwake asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na vyote, na hata tawi la kuni halikuvunjwa kwenye miti ile.

Mashine ya kukamulia mafuta iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa Beni, uani kwa Bilali yuleyule, mtaa wa Mulekera. Bilali alikuja mwenyewe kupakia magunia. Tangu siku ya Kanyabayonga alikuwa akimsaidia Kavuo mizigo bila kuulizwa, na alikuwa hawezi kumtazama usoni. Mzee mzima, dereva wa miaka ishirini, anaongea na viatu vyake.

Njiani walisimamishwa kwenye barriere, kizuizi cha jeshi. Askari mmoja, macho mekundu, alipanda nyuma ya lori.

"Mama, fungola saki."

Kavuo akafungua. Askari akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya mbegu, akajaza mdomo. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatema yote chini, akachukua nyingine kutoka gunia la pili, akatafuna, akatema.

"Oyo ezali mpamba," alisema kwa Kilingala: si kitu. "Iko maganda tu. Funga saki yako, mama, wende."

Akarudisha hata zile zilizobaki kiganjani. Lori lilipoondoka Bilali alicheka, cheko la kumponyoka.

"Tangu hii vita ianze, siyaonaka musoda wa barriere anarudisha kitu ya mutu," alisema. Kisha akaona hakuna anayecheka naye, akashika usukani kwa mikono miwili.

Kavuo alisikia maneno ya askari, akayaelewa, akayaweka pembeni. Alitazama njia inavyoshuka kuelekea joto la Beni.

Amina, mke wa Bilali, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkamuaji, imeiva kwa mafuta hadi kwapani. Hakuanza na mashine. Alitundika gunia la kwanza kwenye mizani iliyoning'inia mlangoni, akasubiri mshale utulie, akagonga kioo cha mizani kwa kidole akidhani umekwama. Gunia la ukubwa ule kutoka mashamba ya Mulekera lilikuwa likifika kilo arobaini. Hili lilisimama kwenye ishirini na tisa. La pili vilevile.

Butembo hakuna ambaye angejua. Kule mbegu inapimwa kwa kopo la maziwa: likijaa limejaa, na kopo halijui uzito. Kavuo alikuwa amehesabu makopo yake, akayakuta sawa na ya mtu yeyote, na kosa likalala humo ndani ya hesabu iliyo sahihi.

Walikamua mpaka adhuhuri. Magunia mawili, ambayo yangejaza bidoni nzima ya lita ishirini, yalitoa lita nane, na tone la mwisho lilikuja kwa kubembelezwa. Amina alifuta mikono, akakaa kwenye kiti kidogo, akamtengea Kavuo chai.

"Dada, hii turnesoli uliipandaka wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Kwa mulima."

"Jua inafikaka pale saa ngapi?"

"Saa ine na nusu."

"Na mawingu ya Butembo?"

"Saa saba iko tayari."

"Eeh. Donc kwa siku nzima iko na saa mbili na nusu tu. Ni nini inazuia asubuhi?"

"Miti."

Amina alichukua mbegu moja, akaivunja kwa meno, akamwonyesha. Ganda lilikuwa kubwa, zuri, lenye mistari. Ndani kulikuwa na kitu chembamba, kikavu, kimejikunja kwenye kona.

"Uangalie. Maua ya manjano ikisha kuanguka, mbegu inajengaka kwanza ganda. Unaona mbegu kubwa, unafurahi, unasema nimevuna. Lakini ganda si kitu. Kisha ganda njo inaanza kujaza ndani, na mafuta inakuja ya mwisho kabisa. Kwa zile wiki ine, kama majani haione jua, mbegu inabaki nyumba bila mwenyeji."

"Nani alikufundishaka?"

"Moniteur moja wa Butembo. Alikuwa anakuja na Bilali. Tulifunika mistari miwili na majani ya ndizi, tangu maua kuanguka, wiki tatu. Ingine tukaiacha kwa jua. Kopo ya kwa jua ikafika gramu mia ine. Kopo ileile, ya kwa kivuli, mia tatu hata haifike. Na mafuta yake, aibu tupu. Nzanzu, njo jina yake."

Bilali, aliyekuwa mlangoni, alitoka nje. Amina alimfuata kwa macho, akamtazama Kavuo, akaelewa.

"Weye njo bibi yake?"

"Ndiyo."

"Mungu amurehemu," alisema Amina, kama ambavyo Mwislamu yeyote angesema, bila kupima.

Butembo hakuna aliyethubutu kusema neno hilo. Kavuo alingoja limchome. Halikumchoma. Mganga hajigangi, alifikiri: Nzanzu alizunguka nchi nzima akiwafundisha watu jua, na mlangoni kwake akaotesha kivuli. Mtu mwenye moyo wake mzima angecheka hapo, au angelia. Yeye alimaliza chai, akashukuru, akabeba bidoni.

Mafuta yale ndiyo yalikuwa unga, ndiyo chumvi, ndiyo sabuni ya nyumba ile. Lita nane hazikufika Pasaka. Mwisho wa mwezi wa pili, Kavuo alipanda tena alizeti palepale, maana hakuwa na pengine, na kabla ya kupanda alikwenda kwa mama mkwe aliyekuwa akichambua maharage uani.

"Mama, ile miti inazuia jua."

"Inazuiaka tangu zamani."

"Turnesoli haitoe mafuta. Njo maana ile ingine ilikuwa maganda. Tukikosa tena, tutakula nini?"

"Tutakula kidogo." Emérence hakuinua uso. "Mutu anapandaka muti, njo yeye anakata. Ukimukatia, ni kusema hatarudi. Weye unasema hatarudi?"

Kavuo aliokota harage lililoanguka, akalirudisha kwa mengine.

"Sijui, Mama."

"Basi hapana gusa."

Alikwenda kwa shemeji yake Éphraïm, mdogo wa Nzanzu, mpasua mbao anayejulikana mtaa mzima. Éphraïm aliweka msumeno chini kwa heshima, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Shemeki, mi nikikamata shoka, kesho batu batasema Éphraïm amemuzika ndugu yake sababu ya mbao. Na kesho kutwa batasema sababu ya shamba. Non. Unitumikishe kitu ingine yote."

Hakuwa mwoga. Alikuwa na haki, na haki za namna hiyo ndizo zinazoua watu polepole.

Mvua ilinyesha vizuri msimu ule, na alizeti ikapanda mpaka kifuani. Kufika mwanzo wa mwezi wa sita ilichanua yote. Watu wanapenda kusema ua la alizeti hulifuata jua kutwa. Hilo ni ua changa. Likishakomaa shingo yake inakuwa ngumu, linaelekea mashariki na halizunguki tena. Kwa hiyo kishamba kizima kilisimama uso upande wa juu, safu kwa safu, kikiangalia miti ya Nzanzu kikisubiri saa nne na nusu.

Siku ya Jumanne Kavuo aliona petali za kwanza zimeanguka chini. Alichomoa mbegu kadhaa, akazifinya kwa ukucha. Ganda lilikuwa laini bado, limeanza kujijenga, na ndani yake hamna. Alihesabu kwa vidole: wiki moja ya ganda, kisha zile wiki za mafuta. Baada ya hapo mtu anaweza kukata msitu mzima wa Kongo na haitamsaidia.

Jioni hiyo alikuwa akimsuka Ornella. Aligawa nywele kwa kitana, na chini ya mwanga wa mlango akaona kwamba zimekuwa nyepesi, na rangi yake imeanza kuwa ya kutu. Kila mama wa Kivu anaijua rangi hiyo ya njaa. Wamama waliokimbia vita walikuwa wakija na watoto wenye nywele hizo kwenye parokia, kupanga mstari wa uji. Kavuo alizishika zile nywele kati ya vidole, akazitazama, akangoja hofu ije. Haikuja. Alisuka msuko wa kwanza, akasuka wa pili, na moyo wake ukaendelea kupiga taratibu kama wa mtu anayechambua mboga.

Hapo ndipo alipoogopa, na hofu yake ilikuwa ya ajabu: aliogopa kwa sababu hakuogopa. Alijiona anaweza kumsuka mtoto huyu vizurivizuri kila Jumanne mpaka siku ya kumzika.

Asubuhi yake alichukua shoka la nyumba, akapanda juu ya shamba, akachagua mti wa kwanza, akapiga.

Mwanamke kuangusha mkaratusi wa miaka minane si jambo la kuonekana Butembo. Watu walisimama njiani. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Alikuwa amemwona Éphraïm akifanya kazi miaka mingi: unakata mdomo upande unaotaka mti uangukie, kisha unazunguka nyuma. Mti wa kwanza ulimchukua mpaka adhuhuri, ukaangukia njia ya juu, mbali na alizeti. Alikunywa maji, akaenda wa pili. Ndani ya nyumba Emérence alifunga mlango wake na dirisha, na hakutoka hata kula. Kila pigo lazima alilisikia, kwa sababu mtaa mzima ulilisikia.

Siku tatu. Mikono yake ilitoka malengelenge siku ya kwanza, yakapasuka ya pili, na ya tatu mpini ulikuwa na damu. Aliufunga kitambaa ili usiteleze, akaendelea. Ijumaa jioni mti wa saba ulianguka.

Jumamosi saa moja na nusu jua lilitokeza juu ya kilima na kuingia shambani moja kwa moja, bila kuomba ruhusa ya mtu. Lilipiga nyuso zote za alizeti kwa mara moja. Kavuo alisimama katikati, akaona majani hadi ya chini kabisa yamepata mwanga. Niseme mapema ili msikae na wasiwasi: mwezi wa nane mshale wa mizani ya Amina ulifika thelathini na nane, na Ornella leo ana watoto wake. Lakini asubuhi ile Kavuo hakujua hayo. Alijua tu kwamba amefanya kazi na kazi imeisha, na kwamba bado hasikii kitu.

Saa tatu aliingia Marie-Jeanne, jirani wa chini, amejifunga kitenge kiunoni, mkeka kichwani. Nyuma yake walikuja wanawake wawili na mzigo wa kuni, kisha mwingine na ndizi, kisha wanaume na mabenchi ya kanisa. Kavuo aliwatazama bila kuelewa.

"Nani aliwaita?" aliuliza.

"Hakuna mutu aliita," alisema Marie-Jeanne. "Tulisikia shoka."

Akatandika mkeka uani, akakaa, akaachia sauti. Wengine wakampokea. Mwaka mzima na zaidi walikuwa na kilio hicho kifuani, cha mtu aliyewapa mbegu karibu wote, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kukitoa. Éphraïm alikuja mwisho. Alipita kati ya magogo, akashika moja kwa kiganja, akakaa chini kwenye majani mabichi, akalia kwa sauti mbele ya watu, mwanaume mzima. Kavuo alisimama peke yake, macho makavu. Aliona aibu kwamba yeye ndiye aliyewafungulia watu mlango na yeye ndiye asiyeweza kupita.

Kisha mlango wa Emérence ulifunguka, na kilio kikakatika. Kila mtu alidhani atalaani. Mama mzee alivuka ua bila fimbo, akapanda mpaka shambani, akatembea kando ya visiki, kimoja kimoja, akigusa kila kimoja kwa ncha ya mguu. Akafika mwisho. Akageuka kuangalia chini, upande wa mtaro, ambako mikaratusi miwili ilikuwa bado imesimama.

"Na hii mibili?"

"Hiyo haizuie jua, Mama," alisema Kavuo. "Kivuli yake inaangukia njia. Niliiacha."

"Uliiachia nani?"

"Weye."

Emérence aliitazama miti ile. Alikuwa ameishikilia miezi kumi na tano kwa kukataa tu, bila msaada wa mtu, na uso wake ulikuwa umechoka kupita kiasi.

"Kata," alisema. "Mutu hafi nusu."

Kavuo aliokota shoka. Alishuka mpaka mtaroni, akapanga miguu, akainua, akapiga. Akapiga tena. Pigo la tatu chuma kilikwama kwenye mti, akavuta, hakikutoka, na hapo maumivu yakapanda kutoka viganjani mpaka mabegani, yote ya siku nne kwa pamoja. Aliachia mpini. Aliinua mikono yake mbele ya uso, akaiona ilivyo, nyama tupu.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Mama, mikono iko inaniuma."

Emérence alimfikia, akaishika ile mikono kwa vifundo, palipokuwa na ngozi.

"Eeh," alisema. "Ulie, mutoto wangu. Amekufa."

Na Kavuo akalia.